KILA MNYAMA NA TUMBO LAKE

Somo kwa wafugaji: kwa nini chakula cha mmoja huwa hasara kwa mwingine

Katika maboma mengi ya nchi yetu mtu huweza kukuta mahali pamoja ng'ombe wawili watatu, mbuzi na kondoo, punda wa kubebea maji, kuku wanaopekua uani, na penginepo nguruwe au sungura bandani mwao. Wote ni mali ya mwenyeji mmoja, wote hunywa maji ya kisima kimoja, na mara nyingi wote hulishwa kwa mkono mmoja. Kwa hiyo si ajabu watu wengi wakidhani kwamba chakula ni chakula tu, na kwamba kinachomfaa mnyama mmoja hakina budi kumfaa na mwenzake.

Walakini dhana hiyo imewatia wafugaji wengi hasara. Gunia la mahindi lililoachwa wazi usiku mmoja laweza kumwua ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akilipa karo ya watoto, ilhali kuku hula mahindi yayo hayo kila siku wakanenepa. Chakula cha kuku kilichotiwa dawa chaweza kumwua punda. Mabua makavu, ambayo ng'ombe huyageuza kuwa maziwa, hayamshibishi nguruwe hata akiyatafuna kutwa.

Sababu ya mambo hayo yote ni moja: wanyama hawa hawana tumbo la namna moja. Mfugaji akilijua tumbo la kila mnyama wake, atajua ampe nini, ampe kiasi gani, na amwepushe na nini. Hilo ndilo somo letu.

NGUVU ILIYOFICHWA NDANI YA JANI

Kwanza yatupasa kujua kwamba majani, mabua na nyasi zina nguvu nyingi ndani yake, lakini nguvu hiyo imefungwa katika nyuzinyuzi ngumu. Hakuna mnyama yeyote wa kufugwa, mkubwa au mdogo, ambaye mate yake au maji ya tumbo lake yaweza kuzifungua nyuzi hizo. Wenye ufunguo ni vijidudu, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Hivyo huzishambulia nyuzi na kuzichachusha, kama vile chachu inavyofanya kazi katika mtungi wa pombe.

Basi tofauti kubwa kati ya mnyama na mnyama ni hii: vijidudu vyake vimekaa wapi? Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wamewaweka mbele, kabla ya tumbo lenyewe la kusaga chakula. Punda na sungura wamewaweka nyuma, katika utumbo mpana. Nguruwe na kuku wana wachache tu, na kazi yao ni ndogo. Ukilishika jambo hilo moja, mengine yote katika somo hili utayaelewa kwa urahisi.

WANYAMA WANAOCHEUA

Watu husema kwamba ng'ombe ana matumbo manne. Kwa kweli ana tumbo moja lenye vyumba vinne, na mtu aliyewahi kununua matumbo kwa mwuza nyama amekwisha kuviona kwa macho yake.

Chumba cha kwanza ni kikubwa mno. Kiko upande wa kushoto, na katika ng'ombe mzima chaweza kuchukua zaidi ya lita 100. Hilo ndilo pipa la kuchachushia. Chumba cha pili kina ngozi yenye vishimo kama sega la nyuki. Cha tatu kina kurasa nyingi kama kitabu, na kazi yake ni kuukamua ujiuji wa chakula na kunyonya maji. Cha nne ndicho tumbo hasa, lenye maji makali kama ya tumbo la mwanadamu.

Katika chumba cha kwanza vijidudu ni vingi kupita hesabu. Tone moja tu la maji yake lina mamilioni mengi. Wataalamu wawili, Gruby na Delafond, waliwaona viumbe hao mjini Paris mwaka 1843. Baadaye mtaalamu wa Marekani, Robert Hungate, alipata njia ya kuvilea nje ya tumbo vile vijidudu vinavyovunja nyuzi, na mwaka 1966 akatoa kitabu kikubwa juu ya kazi yao.

Vijidudu hivyo humpa ng'ombe faida tatu. Ya kwanza, vikichachusha majani hutoa asidi laini ambazo hupita katika ukuta wa tumbo na kuingia damuni. Hizo ndizo humpa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ya pili, vijidudu vyenyewe husombwa na chakula hadi chumba cha nne, vikafa na kusagwa, na miili yao ikawa protini ya kujenga nyama na maziwa. Ya tatu, hutengeneza vitamini za jamii ya B, ambazo wanyama wengine hupaswa kuzipata katika chakula. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ng'ombe huwalisha vijidudu majani, kisha naye huwala vijidudu. Mfugaji anayelisha ng'ombe wake yampasa akumbuke kwamba kwanza anawalisha wageni hao wasioonekana.

Ng'ombe humeza majani kwa haraka, kisha akipumzika huyarudisha kinywani tonge kwa tonge na kuyatafuna upya. Kazi hiyo ya kucheua huweza kuchukua saa 8 hivi kila siku, na kwa siku moja ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate. Mate hayo yana chumvi zinazopoza ukali wa asidi, mfano wa magadi. Basi utazame mifugo yako wakati wa mapumziko: kati ya ng'ombe waliolala, angalau nusu wawe wanacheua. Ng'ombe asiyecheua ana jambo, na afadhali ulijue jambo hilo leo kuliko kesho.

HATARI NNE ZA TUMBO LA KUCHEUA

Hatari ya kwanza ni nafaka nyingi kwa ghafula. Ng'ombe akilivamia gunia la mahindi au la unga, vijidudu vinavyopenda wanga huongezeka upesi na kutoa asidi kali. Asidi hiyo huviua vile vijidudu vingine, na tumbo lote huchacha. Mnyama huacha kula, huharisha kinyesi chenye harufu kali, hupepesuka, na aweza kufa kwa siku moja au mbili. Jambo hili huwapata mbuzi na kondoo pia. Kwa hiyo weka nafaka mahali pa kufungwa. Ukitaka kumwongezea ng'ombe wa maziwa chakula cha nguvu, anza na kiasi kidogo, uongeze pole pole kwa muda wa wiki mbili, ili vijidudu vipate kuzoea. Hapa ndipo msemo wa wazee unapotimia: haraka haraka haina baraka.

Hatari ya pili ni kufura tumbo. Uchachushaji hutoa gesi nyingi, na ng'ombe huitoa kwa kupiga mbweu. Akila majani mengi mabichi ya jamii ya kunde, hasa yakiwa na umande, gesi hugeuka povu na kushindwa kutoka. Ubavu wa kushoto huvimba kama ngoma, na mnyama hukosa pumzi. Kabla ya kumpeleka penye majani hayo, mpe kwanza nyasi kavu apunguze njaa, na ungoje umande ukauke. Akifura, mwite daktari wa wanyama mara moja, na wakati wa kungoja umsimamishe na kumtembeza. Usimlaze chini, wala usimmiminie kitu kinywani kwa nguvu, kisije kikaingia mapafuni.

Hatari ya tatu ni mtama mchanga. Mashina ya mtama yanayochipua baada ya ukame au baada ya kukatwa yana sumu iliyofichama ndani yake. Vijidudu vya tumbo la kucheua huifungua sumu hiyo kwa upesi sana, hata ng'ombe huweza kufa muda mfupi tu baada ya kula. Huu ndio mfano wa wazi kwamba vijidudu, ambao ni marafiki zake, waweza kumponza. Usiwaingize mifugo katika shamba la mtama mpaka mimea ipite kimo cha kiuno cha mtu mzima.

Hatari ya nne ni misumari na vipande vya waya. Ng'ombe hachagui kwa ulimi wake kama mbuzi. Humeza chochote kilichochanganyika na majani. Chuma huanguka katika kile chumba cha pili chenye sega, na mbele ya chumba hicho, baada ya kiwambo chembamba, ndipo ulipo moyo. Tumbo linapojikaza, waya huweza kutoboa hadi moyoni. Mifuko ya plastiki nayo hujikusanya katika chumba cha kwanza, isiyeyuke wala isitoke. Basi kufagia boma ni sehemu ya kulisha mifugo.

NDAMA SI NG'OMBE MDOGO

Ndama huzaliwa na vyumba vyote vinne, lakini kinachofanya kazi ni cha nne peke yake. Anaponyonya, mfereji mdogo hujikunja na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi huko, yasipite katika lile pipa. Kwa hiyo ndama mchanga ni kama mnyama wa tumbo moja, na ukimpa majani matupu atakonda na kufa huku tumbo limejaa.

Chakula chake cha kwanza ni dang'a, yaani maziwa mazito ya siku ya kuzaliwa. Dang'a hubeba kinga ya maradhi kutoka kwa mama, na utumbo wa ndama huipokea kinga hiyo katika saa za mwanzo tu. Baada ya siku moja mlango umekwisha kufungwa. Anyweshwe dang'a mapema iwezekanavyo, kabla hazijapita saa 6. Mtu anayemwaga dang'a au kumcheleweshea ndama humnyima ngao yake.

Toka wiki ya pili awekewe nyasi laini kavu, chakula kidogo cha ndama na maji safi. Hapo vijidudu huanza kuingia na kukaa, na vyumba vya mbele hukua. Asiachishwe maziwa mpaka uone kwamba anakula vizuri na anacheua.

MBUZI, KONDOO NA NGAMIA

Hawa pia hucheua, lakini hawali kwa namna moja. Mbuzi ana midomo myepesi na ulimi wa kuchagua. Hupenda majani ya vichaka na miti, na huweza kustahimili majani machungu kuliko ng'ombe. Kondoo hukata nyasi fupi karibu na ardhi. Mbuga moja yenye nyasi na vichaka yaweza kuwalisha ng'ombe, kondoo na mbuzi pamoja bila kugombania sana, kwa kuwa kila mmoja ana meza yake.

Lakini kondoo ana udhaifu mmoja. Madini ya shaba, ambayo ng'ombe na nguruwe huyahitaji na kuyastahimili, hujikusanya katika ini la kondoo mpaka yakawa sumu. Kondoo huonekana mzima kwa miezi mingi, kisha siku moja akageuka manjano na kufa. Usimpe kondoo chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, wala chakula cha nguruwe.

Ngamia wa Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa na Mandera hucheua, lakini tumbo lake lina vyumba vitatu tu. Mdomo wake wa juu umepasuka katikati, naye huutumia kama vidole kuchuma majani kati ya miiba. Huhitaji chumvi nyingi kuliko ng'ombe, na wenyeji wa huko wamejua hivyo tangu kale, ndiyo sababu huwapeleka penye mimea na ardhi ya chumvi.

Tena hata wanyama wa aina moja huweza kutofautiana kwa vijidudu walivyo navyo. Mti uitwao lusina, ambao majani yake yana protini nyingi, una sumu iitwayo mimosini. Huko Australia mifugo walioula kwa wingi walidhurika, lakini mbuzi wa visiwa vya Hawaii waliula bila madhara. Mtaalamu Raymond Jones aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa na vijidudu vya kuivunja sumu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijidudu hivyo vilipelekwa Australia na kutiwa katika matumbo ya mifugo, nao wakaweza kula lusina bila kudhurika. Mbuzi walikuwa wale wale na mti ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni wageni waliokaa tumboni. Kwetu sisi, ni salama kumpa mnyama anayecheua lusina kidogo pamoja na nyasi nyingi. Punda, nguruwe, kuku na sungura wasizoeshwe majani hayo.

PUNDA NA SUNGURA: PIPA LIKO NYUMA

Punda hula nyasi kama ng'ombe, lakini hacheui. Tumbo lake ni moja, tena ni dogo. Chakula hupita hapo upesi, hupita utumbo mwembamba, kisha huingia katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Humo ndimo vijidudu vyake hukaa na kuchachusha nyuzi.

Faida ya mpango huu ni kwamba punda hangoji. Nyasi mbaya huzipitisha haraka na kula nyingine, hata akaishi mahali ambapo ng'ombe angekonda. Hasara yake ni kwamba vijidudu wako baada ya utumbo mwembamba, ambako protini hunyonywa. Kwa hiyo miili yao haimfai sana. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi. Ukitazama kinyesi cha punda utaona vipande virefu vya nyasi, ilhali samadi ya ng'ombe ni laini. Huo ni ushahidi wa tumbo mbili zilizo mbali mbali kwa kazi.

Kwa kuwa tumbo lake ni dogo, punda aliumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi za mchana na usiku. Punda anayefungwa mkokoteni toka alfajiri hadi jioni, kisha akatupiwa fungu moja la majani, hana nafasi ya kujilisha. Mpe muda wa kula katikati ya kazi, na maji ya kutosha. Mahindi mengi kwa mara moja humletea msokoto wa tumbo na maumivu makali ya kwato. Na kwa kuwa punda hawezi kutapika, kosa lililokwisha kumezwa halirudi. Ukimwona anatazama ubavu wake, anajilaza na kugaagaa, anatoka jasho, mwite daktari.

Jambo jingine wengi hawalijui. Vyakula vingine vya kuku na vya ng'ombe wa nyama hutiwa dawa iitwayo monensini. Kuku na ng'ombe huistahimili kwa kipimo chake, lakini kwa farasi na jamaa zake ni sumu ya moyo, hata kiasi kidogo. Basi mabaki ya chakula cha kuku yasimwagwe mahali punda anapoyafikia.

Sungura naye ana pipa la nyuma, lakini ameipatia dawa ile hasara tuliyoitaja. Usiku, au anapotulia, hutoa kinyesi laini chenye vijidudu na vitamini, akakila mara kinapotoka. Hivyo chakula hupita tumboni mara mbili, na protini ya vijidudu haipotei. Wafugaji wengine humwona akifanya hivyo wakadhani ni ugonjwa au uchafu; kumbe ndiko kucheua kwake. Sungura apewe nyasi kavu kila siku, maana bila nyuzi utumbo wake hulegea, na meno yake, ambayo hukua siku zote, hayapati cha kuyapunguza.

NGURUWE: JIRANI YA MWANADAMU

Tumbo la nguruwe lafanana sana na letu. Hula vitu vya namna nyingi, lakini majani matupu hayamtoshi. Huhitaji wanga wa mahindi, viazi au mihogo, pamoja na protini kutoka katika samaki, soya au mashudu. Kwa hiyo yafaa kufikiri kabla ya kumfuga: wakati wa njaa ng'ombe na mbuzi hula tusichoweza kula, lakini nguruwe na kuku huketi nasi kwenye sahani moja.

Soya na maharagwe mabichi yana kitu kinachozuia protini isisagwe. Vikaangwe au vichemshwe kwanza kabla ya kuwapa nguruwe na kuku. Mihogo michungu ikatwe, ikaushwe vizuri au ipikwe.

Watu wengi humlisha nguruwe mabaki ya jikoni na ya hoteli. Jihadharini. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo mtaalamu Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na vifo vya nguruwe hapa Kenya, husafiri katika mabaki ya nyama ya nguruwe. Haimpati mwanadamu, lakini huweza kuua nguruwe wote wa banda, na haina tiba. Mabaki yote yachemshwe kwa dakika 30 huku yakikorogwa, na yenye nyama ya nguruwe yasitumike kabisa.

KUKU: KINU BILA MENO

Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza katika mfuko ulio chini ya shingo kikalainika, hupita katika tumbo dogo lenye maji makali, kisha huingia katika firigisi. Firigisi ni kinu chenye misuli ya nguvu, na mawe ya kusagia ni changarawe alizozimeza. Kuku anayezurura hujiokotea changarawe mwenyewe. Aliyefungiwa bandani, hasa anayekula punje nzima, hana budi kuwekewa.

Safari yote ya chakula ndani ya kuku huchukua saa chache tu. Vijidudu havipati wakati wa kuvunja nyuzi. Ndiyo sababu kuku apasha kupewa chakula kizito cha wanga na protini. Pumba nyingi hujaza kinu bila kuleta mayai.

Ganda la yai moja huhitaji gramu 2 hivi za kalisi. Kuku wa mayai asipopata chokaa ya mifugo au makombe yaliyopondwa, atayachukua madini hayo katika mifupa yake mwenyewe, mpaka akadhoofu na kutaga mayai yenye ganda laini. Lakini vifaranga wasipewe chakula cha kuku wanaotaga, kwa maana kalisi nyingi huharibu figo zao.

MBOLEA SI CHAKULA

Wafugaji wengine wamesikia kwamba ng'ombe hupewa yurea. Ni kweli kwamba vijidudu vya tumbo la kucheua huweza kuigeuza yurea kidogo sana kuwa protini, ikichanganywa sawasawa na chakula chenye wanga. Lakini kipimo kikipita, au ikiyeyushwa katika maji ya kunywa, huua kwa muda mfupi. Ndama, nguruwe na kuku hawana vijidudu vya kuifanyia kazi hiyo, kwao ni hasara tupu. Mtu asijaribu bila kuelekezwa na afisa wa mifugo, na magunia ya mbolea yawekwe mbali, maana ng'ombe hupenda kuyalamba.

KISICHOFAA TUMBO LOLOTE

Kuna chakula kimoja ambacho hakimfai mnyama yeyote, nacho ni nafaka au mashudu yenye ukungu. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sumu hiyo ndiyo iliyoitwa aflatoksini. Hapa Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu iyo hiyo yaliua watu 125, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui.

Watu husema, "Mahindi haya yameoza, hatuwezi kuyala, tuwape mifugo." Neno hilo ni la hatari. Kuku na bata watadhurika ini, na ng'ombe, ijapokuwa aonekane mzima, huitoa sehemu ya sumu hiyo katika maziwa. Hivyo kile ulichokitupa mlangoni chakurudia katika kikombe cha mtoto.

KUGAWANYA CHAKULA BOMANI

Mfugaji mwenye chakula kidogo hahitaji kununua kingi. Kwanza agawanye vizuri alicho nacho. Mabua, nyasi ndefu na majani ya migomba yawe ya ng'ombe. Matawi ya vichaka yawe ya mbuzi, nyasi fupi za kondoo. Punda apewe nyasi kavu na muda wa kula. Sungura apewe nyasi kavu na majani yaliyonyauka kidogo. Nafaka iliyovunjika, pumba laini na samaki wadogo viwe vya kuku na nguruwe, na ng'ombe wa maziwa apate sehemu yake kwa kipimo. Maji safi yawe ya wote, siku zote.

MASWALI YA KUJIPIMA

Walimu, wazazi na wanachama wa vikundi vya wafugaji waweza kuyajadili maswali haya pamoja.

1. Vijidudu vya ng'ombe viko wapi, na vya punda viko wapi? Tofauti hiyo yaleta faida na hasara gani?

2. Kwa nini ng'ombe hufa akila mahindi mengi kwa ghafula, na kuku hafi?

3. Kwa nini dang'a isicheleweshwe?

4. Ni chakula gani cha mnyama mwingine kinachoweza kumdhuru kondoo? Na punda je?

5. Mahindi yenye ukungu, akipewa ng'ombe, hatimaye humfikia nani?

Atakayeweza kuyajibu maswali haya matano bila kutazama, na aende bandani kwake jioni hii akaangalie ni nini kilichomo katika kila kihori. Akikuta chakula cha mmoja kimewekwa mbele ya mwingine, akiondoe kabla ya usiku kuingia.